Samaki Aliyepanda Ndege

Jumatano, 13 Agosti 2025

Nimefika Kitengela. Kama huku ni kufika! Vumbi la mawe puani, upepo usiochoka, na kila ukuta una bango la ploti za kuuzwa. Nadhani kazi ya watu wa hapa ni kuuziana ardhi wao kwa wao. Whitney anakaa Noonkopir, ghorofa ya nne, ngazi hazina taa, na maji yanaletwa na lori. Na lori! Mimi niliyetoka Homa Bay, mahali ziwa liko mlangoni.

Daftari nimekuja nalo. Naandika Kiswahili kwa mazoea. Marehemu Baba Whitney alisoma kila nilichoandika kwa Kijaluo, na pembeni akanijibu kwa kalamu nyekundu. Kiswahili kilimchosha. Ana miaka sita kaburini na bado namficha.

Sijaja kutembea. Nimekuja kumwangalia mtu. Anaitwa Lemein, daktari wa ng'ombe, Mmasai wa Kajiado. Whitney anataka kuolewa naye. Shemeji yangu Obonyo, kaka mkubwa wa marehemu, ameniachia neno lote. Nikisema ndiyo, wazee wetu watakuja kuketi na wazee wake. Nikisema hapana, imekwisha. Anangoja simu yangu Jumatatu.

Mimi sihitaji hata Jumatatu. Miaka ishirini na sita nimekuwa cateress, mkuu wa jikoni, wa shule ya bweni, wasichana mia nane, na mtu namjua kwa anavyokula. Niletee mtu, niwekee sahani mbele yake, niache dakika tano. Basi.

Whitney amenipa chai. Ya maziwa. Nimemwangalia, hajaona kosa. Mimi sigusi maziwa! Ukiishi miaka ishirini na sita na harufu ya maziwa yaliyoungua kwa sufuria kubwa kuliko wewe, huyagusi tena. Mtoto niliyemzaa mwenyewe amesahau. Nimeyamwaga kwa sinki akiwa bafuni.

Alhamisi, 14 Agosti

Ugomvi. Asubuhi yote.

Nimekuja na kikapu. Ngege wanane wa moshi, samaki wakubwa, nimewakausha kwa mkono wangu siku mbili juu ya moto mdogo. Wa kuwapelekea wazazi wa Lemein. Mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu, na sisi watu wa ziwa tuna zawadi moja tu inayoitwa zawadi. Whitney alipofungua kikapu alikimbilia madirisha. Akayafungua yote mawili. Mtoto aliyesomeshwa na samaki! Mama yangu alikaanga samaki ufuoni mpaka nyusi zikaungua ndio mimi nikapata karo, na mimi ndio yeye akapata digrii ya kupima saruji kwa maabara huko Athi River. Sasa samaki ananuka.

"Mum, please. Kwa kina Lemein hawali samaki. Hawajawahi. Wakiona samaki ni kama wameona nyoka."

Nyoka. Nikafunga kikapu, nikakisukuma chini ya kitanda. Nilitamani kusema mengi.

Watu gani hawa wasiokula samaki? Mtu asiyekula samaki anakula nini siku ana huzuni?

Jirani anayeitwa Nasike, mwalimu wa nasari kutoka Bungoma, alipita mlangoni akasimama. Akavuta pumzi. Akasema, mama, hiyo ni harufu ya nyumbani. Huyo ndiye mtu wa pekee mwenye akili kwenye ploti hii.

Jioni Lemein akaja. Mrefu, viatu vina matope ya zizi, mpole kupita kiasi. Badala ya kunipa mkono akainamisha kichwa mbele yangu. Nikadhani ameangusha kitu. Nikaangalia sakafuni nimsaidie kutafuta! Whitney akaninong'oneza nimguse utosini, ndiyo salamu yao kwa mzazi. Nikamgusa kama mtu anayepima homa.

Na alichobeba? Jerikeni la maziwa. Lita tano, ya nyumbani kwao. Whitney akalipokea kwa mikono miwili kama ubatizo.

Jumamosi mchana wazazi wake watashuka hapa Kitengela tule pamoja, kisha Jumatatu sisi twende kwao. Lemein hasemi tutakula wapi. Ati ni surprise. Hata Whitney hajui. Sipendi chakula cha kushtukizwa. Shuleni kwangu menyu ilibandikwa ukutani.

Ijumaa, 15 Agosti

Upepo.

Whitney ameenda kazini. Nilipopanga kabati lake (halikuwa limepangwa, hata kama yeye anasema limepangwa) nikakuta karatasi. Ameandika salamu za Kimaasai. Mwanamke akiambiwa Takwenya anaitikia Iko. Ameziandika mara tatu tatu kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Kijaluo chake mwenyewe anakosea, anaongea kama redio iliyopoteza stesheni.

Nimeirudisha. Niliketi kitandani kidogo. Kisha nikadeki nyumba nzima kwa maji ya lori.

Jumamosi, 16 Agosti

Saa kumi na mbili jioni. Nimejifungia chumbani. Nina hasira, maandishi yataonekana.

Surprise ilikuwa hoteli ya Kijapani! Barabara ya Namanga, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabati na misumari. Taa za karatasi nyekundu. Ukutani picha ya mlima wenye theluji. Dirishani, malori ya mawe yakipita. Whitney alipofika mlangoni akasoma kibao, akaweka mkono mdomoni, akamwangalia Lemein. Alikuwa anafungua mdomo aseme kitu. Ndipo akaona mzee tayari ameketi ndani, anatuchekea, na akanyamaza. Nikamwona. Nikadhani anaona haya kwa ajili yangu, kwamba mama wa kijijini ataaibisha watu.

Baba yake Lemein ni Mzee Parsaoti. Koti la suti, juu yake shuka nyekundu, fimbo kati ya magoti, masikio yaliyotobolewa zamani. Mama ni Zipporah, shanga na kitambaa cha kanisani. Tukasalimiana. Mzee akaniambia nikae pale mbele yake, mahali pa mgeni. Kiswahili chake ni cha kuchagua neno moja moja kama mtu anayechambua maharagwe.

Mpishi akatoka kwa kelele za Kijapani na kitambaa cheusi kichwani. Anaitwa Musau. Mtu wa Machakos! Akatuwekea ubao. Ubao, si sahani. Shuleni kwangu ubao ulikuwa wa kukatia sukumawiki. Juu yake vidonge vya wali baridi, vimefinyangwa kama vya kulisha mtoto, na juu ya kila kidonge kipande cha samaki. Rangi ya machungwa. Kinang'aa.

Kibichi.

Nikamuuliza Musau huyu samaki ametoka wapi. Akasema kwa fahari: Norway, mama, anakuja na ndege. Samaki amepanda ndege! Mimi sijapanda.

Nikageuka nimwangalie Mzee Parsaoti. Mtu wa kutokula samaki. Mtu wa kuona nyoka. Anauangalia ubao bila wasiwasi wowote. Kisha ananiangalia mimi. Anangoja.

Nikaelewa kila kitu papo hapo. Samaki wanakula! Samaki wa ndege, samaki wa bei, samaki wa taa nyekundu wanakula. Ni samaki wangu mimi Apondi ndiye nyoka. Na binti yangu alijua, akanidanganya ili kikapu changu kisimwaibishe mbele yao.

Sasa nikasema moyoni, sitashindwa na samaki mimi. Mtoto wa ufuoni! Nikaacha vile vijiti, nikachukua kwa mkono, nikatia mdomoni, nikatafuna kama niliyezaliwa nacho. Ladha ya bomba la maji. Nikameza. Nikatabasamu.

Mzee akachukua chake, kwa mkono vilevile. Akatafuna akiwa ananiangalia usoni. Akameza. Akatabasamu.

Ala! Anashindana na mimi.

Nikachukua cha pili. Naye cha pili. Cha tatu, cha tatu. Zipporah alisema yuko kwenye mfungo wa kanisa, Jumamosi saa saba mchana, mfungo gani huo? Lemein hakugusa kitu, alikaa ubavu, uso dirishani. Angekula, ningeandika kwamba kijana anatafuna mbele ya mama mkwe bila haya. Hakula, naandika kwamba ana dharau. Ndiyo, najijua. Whitney alikuwa ananipiga teke chini ya meza. Nikavuta mguu wangu.

Kwenye kona ya ubao kulikuwa na kitu cha kijani, kama dawa ya meno. Kwenye kipande cha tano nikakigusa kwa ncha ya ulimi. Mungu wangu! Moto ukapanda mpaka nyuma ya macho. Musau akasema hiyo ni wasabi, mama, ni kidogo tu. Mzee hakusikia, sikio lake la kulia ni zito na Musau alisimama upande huo. Nikaona hakusikia.

Naandika hili hapa kwa sababu hakuna atakayelisoma. Kipande cha sita nilichota donge kubwa la kijani, nikalipaka juu mbele ya macho yake, taratibu, alione. Kisha nikainua tissue kama mtu anayepangusa pua, na donge lote likabaki kwenye tissue. Wasichana wa shule ndivyo wanavyotoroka na nyama, mimi nimewakamata miaka ishirini na sita, najua mkono unavyoficha. Nikameza wali na samaki. Nikamwangalia.

Mzee akachota donge kama langu. Akalitia lote mdomoni.

Hakutoa sauti. Uso ukawa mweusi zaidi. Machozi yakamtiririka mzee mzima, yakaingia kwenye ndevu, na hakuyafuta, alishika fimbo kwa mikono miwili akangoja yapite. Nikafurahi. Nilifurahi kweli! Nikachukua cha saba nione kama atafuata. Akafuata.

Hapo nikaacha. Yeye naye akaacha. Akapangusa uso kwa shuka, akasema kwa sauti iliyokauka, "Mama, watu yako ni nguvu." Kejeli! Wakati wa kuondoka akatembea polepole bila kuongea na mtu. Amevimbiwa. Mlafi.

Njiani Whitney akaanza: "Mum, hukuelewa. Mzee hakuwa..." Nikamwambia nimechoka kueleweshwa. Sasa amegonga mlango mara mbili. Sifungui.

Jibu ni hapana. Dakika tano zilitosha, kama kawaida.

Jumapili, 17 Agosti

Nimempigia Obonyo siku moja kabla. Nikamwambia ni hapana, watu wa dharau. Akauliza umeingia kwao? Nikasema bado. Akasema basi hujakataa kitu, mtu hakatai nyumba akiwa barabarani. Ingia, kaa, kisha nipigie Jumatatu alasiri. Obonyo anapenda kuongea kama chifu.

Sawa. Nitaingia. Na nitaingia na kikapu changu. Nitakiweka katikati ya meza yao, nifungue, waniambie usoni kwamba ni nyoka. Kisha nitamwambia mzee hapana yangu mimi mwenyewe, na nitakula ngege wangu mbele yao.

Whitney haongei na mimi. Asubuhi nilikuta chai mezani. Ya rangi, tangawizi, bila tone la maziwa. Hakuambiwa. Nilikunywa nikiwa nimesimama.

Jumatatu, 18 Agosti

Kajiado. Naandika nikiwa kwenye chumba cha wageni cha Zipporah, mlango nimeurudisha. Nimesema naomba dakika kumi. Wanangoja nje. Sijui nianzie wapi.

Tulifika saa nne. Nyumba ya mawe, tangi la maji, zizi kubwa kuliko nyumba. Safi. Nilitafuta uchafu, sikuupata. Kikapu niliingiza kwenye buti la gari la Lemein wakati Whitney anafunga nyumba, nikakifunika kwa leso. Kufika Isinya gari lote lilikuwa linanukia. Lemein akafungua dirisha kidogo, hakuuliza. Whitney akageuka kunitazama, akajua, akafumba macho.

Mzee hakuwa mlangoni kutupokea. Nikasema moyoni, ndiyo hao. Zipporah akanishika mkono akanipeleka jikoni, peke yetu, akafunga mlango. Nikajiweka tayari.

"Mama Whitney, usikasirike na mzee. Yeye iko kitandani tangu hiyo Jumamosi."

Nikauliza ana nini. Akaangalia moto.

"Huyu mzee hajawahi weka samaki kwa mdomo. Tangu azaliwe. Miaka sabini na moja. Aliuliza Lemein, watu ya ziwa wanapewa heshima na nini? Akaambiwa, na samaki. Akasema, basi tafuta pahali iko samaki kushinda zote. Mimi nilimwambia hutaweza. Akasema, vile mama atakula, mimi nitakula hivyo hivyo."

Nilishika meza.

Akaendelea kunieleza taratibu, kama mtu anayemwomba mwenzake msamaha. Lemein hajui samaki, atajuaje kwamba kuna wa kupikwa na wa kutopikwa? Alitafuta kwenye simu, akaona watu wote wanasifu samaki wa pale, akalipia meza. Mzee alipoona ni mbichi alidhani ndivyo tunavyokula sisi. Na mgeni akiwa bado anakula, mwenye kualika hawezi kuacha. Alikuwa anangoja mimi niache. Yeye Zipporah hakuwa na mfungo wowote, alishindwa tu, na anaomba Mungu amsamehe huo uongo. Kurudi, Lemein alisimamisha gari mara tatu kabla ya Isinya, mzee ashuke. Tangu siku hiyo tumbo linakubali maziwa peke yake.

Alikuwa anangoja mimi niache! Na mimi nilikuwa nangoja yeye aache.

Nikauliza mbona Whitney hakusema kitu pale mezani. Nilijua jibu kabla sijamaliza. Angesema nini? Mzee ameketi, amevaa koti, anatuchekea. Angemwambia mbele ya mgeni wake kwamba amekosea?

Nilidhani Zipporah amemaliza. Hajamaliza. Akaanza kucheka. Akasema mzee kitandani amekuwa na hadithi moja tu, jana watu wa kanisa walikuja kumwona na wote amewapa. Kwamba mama wa Whitney alichukua moto wa kijani, donge namna hii, akaula bila tone la chozi, na yeye mwanamume, aliyetahiriwa bila kupepesa macho, alilia kama mtoto. Kwamba hajawahi kuona mwanamke wa namna hiyo. Kwamba Lemein akimkosa binti wa huyo mama atakuwa mjinga.

Miaka ishirini na sita namjua mtu kwa anavyokula. Nilimwandika mlafi. Liko hapo juu, siwezi kulifuta, kalamu ni ya wino.

Nilitaka kulia na hapo ndipo singeweza kulia.

Tulipotoka jikoni mzee alikuwa ameamka. Alikuja amejikongoja na fimbo hadi chini ya kivuli cha veranda, shuka ileile, mashavu yameingia ndani. Akasema, "Takwenya." Nikaitikia, "Iko." Ilitoka yenyewe. Whitney akaangalia pembeni haraka.

Kisha upepo ukageuka. Buti lilikuwa wazi, Lemein alikuwa anashusha unga na sukari, na moshi wa ngege wangu ukaja mpaka pale verandani. Mzee akainua pua. Akashika fimbo kwa mikono miwili, kama juzi.

"Hiyo ni nini iko kwa gari?"

Lemein akaniangalia. Whitney akaniangalia. Zipporah akaangalia chini. Na mzee, Mungu ambariki, akaanza kukunja mikono ya koti. Anaomba maji ya kunawa! Amejua ni samaki, amejua ni wangu, na kama nitakula atakula.

Nikasema, "Ni samaki wa jirani yetu, Nasike. Tulisahau kumshushia. Ni wake, si wa hapa."

Mabega ya mzee yakashuka. Wanane, siku mbili juu ya moto, na nimewakana kwa sentensi moja. Sikuumia nilivyodhani. Whitney alinishika kidole kimoja, cha mwisho, vile alivyokuwa anakishika akiwa wa miaka minne tukivuka barabara.

Ndipo Zipporah akaleta kibuyu.

Maziwa yaliyolala. Kibuyu husafishwa kwa kijinga cha moto, wakasema, ndiyo maana yana moshi. Kikombe cha bati mbele yangu, kikombe cha bati mbele ya mzee. Harufu ikanifikia kabla ya kikombe. Maziwa yaliyoungua! Harufu ileile. Sufuria ileile. Whitney akaanza kusema mama hanywi, nikamkata kwa jicho. Mzee alishika kikombe chake lakini hakukiinua. Alikuwa ananiangalia. Anangoja mgeni aanze.

Nikanywa. Chote. Sikuweza kuzuia macho, yalijaa, yakamwagika mbele ya watu wote.

Mzee akaona. Mimi nilipoona yake nilifurahi. Yeye akaweka kikombe chini mara moja, akanyoosha mkono kama mtu anayezuia gari.

"Acha, mama. Si lazima. Hapa hakuna mtu atasema kitu."

Njia ya kuacha niliyomnyima, amenipa yeye bila hata kuombwa.

Nikamwambia Zipporah aongeze. Cha pili. Mzee akanywa cha pili. Cha tatu. Uso wake ukaanza kurudi rangi, kwake hiyo ni dawa. Kwangu ni adhabu. Akajiegemeza, akawa mchangamfu, akamwita hata msichana wa kazi wa jirani aje anione. Kisha akaniinamia na lile sikio zuri, mbele ya wote, akauliza alichotaka kuuliza tangu Jumamosi.

"Mama, ile ya kijani. Ulifanya aje ukakosa kulia?"

Nikakizungusha kikombe mkononi.

Nikamwambia, mzee, wewe ulikula saba. Hilo nitakujibu tukifika kikombe cha saba. Akacheka mpaka fimbo ikaanguka. Wote wakacheka. Nikaomba dakika kumi, nikachukua mkoba, nikaingia humu.

Nitasema nini? Tissue, mzee. Nilikuchezea, mzee, na nikafurahi ukilia. Akisikia hivyo huenda yeye ndiye atakayesema hapana. Nimetoka Homa Bay nikidhani neno ni langu!

Ninaweza kusema ni mazoea ya pilipili. Ataamini. Atalisimulia kanisani mpaka afe.

Simu inalia. Obonyo. Ni alasiri, amesema alasiri. Inalia kitandani karibu na mkoba. Acha ilie.

Imenyamaza. Imeanza tena.

Whitney amegonga. Anasema kwa sauti ndogo, Mum, Mama Lemein ameshajaza vikombe, chako na cha mzee, lakini kama tumbo limekataa atawaambia umechoka na safari. Nikamwambia awaambie nakuja.

Cha nne, basi. Mkobani nina pakiti ya tissue, mpya, haijafunguliwa. Nimeitoa. Naiacha hapa juu ya kitanda.